Tuwaulize wazee wetu fedha zao ziko wapi

Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limefungwa kwa kipande cha kanga na kamba ya mkonge, limesukumwa ndani ya shimo la ukuta wa tembe nyuma ya kitanda. Tulilipata Mei 2025, siku ya tatu ya matanga ya mama mkwe wangu, kijijini wilaya ya Ikungi, shemeji yangu alipokuwa akiondoa udongo uliobanduka ukutani. Ndani mlikuwa na shilingi 1,340,000. Wifi yangu alizihesabu kwa sauti mara mbili, sisi tumekaa kwenye mkeka, macho yote kwenye mikono yake.

Noti zinazotumika leo zilikuwa za shilingi 260,000 tu. Zilizobaki, 1,080,000, zilikuwa za zamani: elfu kumi, elfu tano, elfu mbili, nyingine zimeshikana kwa unyevu. Benki Kuu ya Tanzania ilikuwa imetangaza kwamba noti za shilingi 20 hadi 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na ile ya 500 ya mwaka 2010, zibadilishwe kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Baada ya hapo hazikuwa tena fedha halali. Sisi tulikuwa tumechelewa kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mzee mmoja wa ukoo alizishika, akazigeuza, akazirudisha kwenye kopo bila kusema neno.

Mimi tangazo lile nililisikia. Nauza mafuta ya alizeti hapa Misuna, Singida mjini, na redio yangu iko juu ya madumu tangu asubuhi hadi nifunge. Januari ileile nilipekua kibubu changu, nikapata noti mbili za zamani za elfu tano, nikapanga foleni benki, nikapewa mpya. Februari nikaenda kumsalimia mama mkwe. Nilimpelekea sukari na dawa ya magoti, naye akanifungia tetea mmoja wa kuondoka naye. Tulikaa chini ya mti tangu jua linapanda mpaka linashuka. Tuliongea kuhusu mvua, kuhusu mjukuu aliyeingia kidato cha kwanza, kuhusu mbuzi anayetupa mimba. Sikumuuliza kama ana noti za zamani. Ningemuulizaje? Kwetu mkwe haulizi habari za fedha za mkwewe. Hata mtoto wa kumzaa haulizi, kwa sababu anayeuliza mali ya mzee aliye hai anaonekana anamhesabia siku.

Adabu hiyo ndiyo iliyotula shilingi milioni moja na themanini elfu. Mwizi hakuingia.

Na tusidhani kwamba fedha ile ilikuwa salama mpaka Aprili. Wifi anasema mama alianza kuweka miaka ya 2003 na 2004, alipokuwa akipeleka kuku mnadani Puma. Mimi mwenyewe nakumbuka elfu kumi ya wakati ule. Ulikuwa unanunua nayo kuku watatu wa kienyeji na ukarudishiwa chenji. Leo elfu kumi hiyo haikupi jogoo mmoja mzima. Mama aliwatoa kuku kwenye banda, akawaingiza kwenye kopo, nao wakapungua humo humo mmoja baada ya mwingine miaka ishirini, bila kicheche wala kideri.

Lakini simlaumu, na nisingependa msomaji amlaumu. Mama yule aliificha fedha kwa sababu. Alinisimulia mwenyewe, miaka ya nyuma, jinsi baba mkwe alivyouza maksai wawili wa kulimia bila kumwambia, na jinsi alivyojua siku alipokwenda zizini akakuta nira tu. Mwanamke aliyeamka akakuta hivyo hamwonyeshi tena mtu mahali anapoweka chake. Wanawake wengi wa umri wake walijifunza kuweka kwa kuficha. Ukimwambia mtu wa namna hiyo, "Usifiche, peleka benki," bila kujua alichokiona, unampotezea muda.

Mimi nimekuwa mtunza hazina wa kikundi chetu cha vikoba kwa miaka 11. Tuko wanawake 28. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu ambao hawalali nyumba moja wala hawana undugu. Anayelala na sanduku hana ufunguo hata mmoja. Fedha inahesabiwa mbele ya wote, inatajwa kwa sauti, na kila mmoja anakumbuka kiasi kilichofungiwa, hata asiyejua kusoma. Hakuna siri kwenye sanduku lile, na ndiyo maana halijawahi kupungua shilingi. Mama mkwe alitegemea siri, sisi tunategemea mashahidi. Nimeyaweka mambo haya mawili kwenye mizani tangu ule msiba, na sioni tena ni kwa nini tunachofanya kila Jumatano kwenye kikundi tusikifanye majumbani mwetu.

Sisemi mtu atangaze mali yake kijiweni. Nasema achague shahidi. Mama alikuwa na watoto watano. Angemchagua mmoja, yule anayemwamini kuliko wote, akamwambia, "Mwanangu, nyuma ya kitanda kuna kitu," fedha ile ingebadilishwa Februari.

Shahidi anahitajika hata kwa aliyeacha kopo akaenda benki. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa siku moja, zikiwamo za wananchi za Njombe na Meru. Wenye amana walirudi kwenye Bodi ya Bima ya Amana, ambayo wakati huo ilimlipa mtu mmoja hadi shilingi 1,500,000. Tangu 2023 kiwango kimepandishwa hadi 7,500,000. Ni kinga nzuri kwa mtu wa kipato changu, lakini wa kuidai ni anayejua kwamba akaunti ipo. Mwenye akaunti akifa na kadi iko ndani ya Biblia au Kurani asiyoifungua mwingine, nani atadai? Na sanduku la vikoba halimo kwenye bima hiyo kabisa. Ndiyo maana kikundi chetu tangu mwaka jana hakiachi zaidi ya laki mbili sandukuni. Nyingine inakwenda benki, saini tatu, hasa Novemba na Desemba tunapokaribia kuvunja na kugawana, kwa sababu mji mzima unajua ni mwezi wa kugawana.

Wengine wataniambia fedha iwekwe kwenye mazao au mifugo, haiozi. Nimeuza alizeti muda mrefu. Mwaka 2023 mafuta ya nje yalipojaa sokoni, bei ya alizeti ikaanguka, na waliokuwa wamejaza magunia stoo wakisubiri ipande waliyauza kwa uchungu. Hakuna mahali pamoja pa kutosha. Mwenye kuku ishirini, hisa za kikundi na laki tatu benki analala vizuri kuliko mwenye gunia hamsini za alizeti peke yake.

Siri pia ndiyo mlango wa matapeli. Wenye umri wangu tunaikumbuka DECI, iliyowavuta maelfu ya Watanzania kwa ahadi ya kupanda mbegu na kuvuna mara kadhaa, mpaka Serikali ilipoingilia mwaka 2009. Siku hizi mchezo umehamia kwenye simu. Jirani yangu mmoja aliingiza laki nane kwenye mchezo wa namna hiyo, fedha ya ada ya watoto, na aliyemwingiza alimsisitizia asimwambie mumewe mpaka faida itoke. Anayekwambia usimwambie mwenzako ameshajua kwamba mwenzako angeuliza swali. Mume yule ni fundi baiskeli, hesabu anazijua vizuri. Angeuliza swali moja tu: hiyo faida inatoka kwenye kazi gani?

Baada ya matanga nilibadilisha mambo mawili kwenye kikundi, na wenzangu walikubali bila ubishi kwa kuwa walisikia habari ya lile kopo. Kila mwanachama ameandika jina la mrithi wa hisa zake, na mrithi mwenyewe ameletwa tukamwona sura. Na kila Jumatano kabla ya kufungua sanduku, katibu anasoma tangazo lolote la fedha lililotoka wiki hiyo, kisha kila mmoja anataja mzee atakayempelekea habari. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi kama chetu vinasajiliwa halmashauri. Ningependa afisa maendeleo ya jamii anayepokea katiba zetu asizigonge muhuri kama hazina kipengele cha mrithi. Anauliza majina ya viongozi, aulize na hilo.

Nyumbani nimenunua daftari la kurasa 96. Nimeandika hisa zangu, akaunti, laini ya simu yenye fedha, watu ninaowadai na wanaonidai, hata madumu matupu yaliyo kwa wateja. Binti yangu wa pili anajua linapokaa. Namba ya siri ya simu sijaiandika na siiandiki. Laini ikijulikana, warithi wataifuata kwa cheti cha kifo na barua ya mahakama ya mwanzo.

Kisha nikakata shauri kwenda Ilongero kwa mama yangu mzazi, ana miaka 81. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamsimulia habari ya kopo lote tangu mwanzo. Halafu nikasema, "Mama, naomba unisamehe. Nataka kukuuliza kitu ambacho hakiulizwi." Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani nimemkosea. Akamwita mjukuu alete kigoda chake, akakaa, akasema fedha hana, alizokuwa nazo alilipia matofali ya kaburi la baba. Lakini ana ng'ombe. Baba aliwaweka majike wawili kwa rafiki yake upande wa Nduguti mwaka mmoja wa njaa, ili ugonjwa ukiingia zizini kwetu wasife wote. Wamezaa, alisikia. Rafiki huyo amekwishafariki, na aliyeshuhudia wakipelekwa ni mdogo wake, naye macho yake yameanza kufifia.

Nilimuuliza kwa nini hakutuambia miaka yote hiyo.

"Hamkuuliza," akasema.

Jumatatu mimi na kaka yangu tunapanda basi la Nduguti. Mama ametutajia alama za masikio, nami nimeziandika kwenye daftari.