Kopi mchoro wa Mjerumani, kisha utoke uchore Busia

Chora uso wa mtu maarufu kwa penseli hadi matone ya jasho yaonekane, kisha uuweke mtandaoni. Utamwagiwa sifa: "Wueh, inakaa picha!" Sikatai, ni kazi ngumu. Lakini kama ndio unaanza kuchora na hiyo ndiyo mizani pekee unayojua, unapotea njia. Picha inayokaa picha, simu yako inaipiga tayari.

Nina pendekezo litakalokufanya uchekwe. Tafuta mchoro wa Ernst Ludwig Kirchner wa mwaka 1908, Street, Dresden, uunakili wote kwa rangi. Wenyewe uko Museum of Modern Art, New York, lakini kwa simu unaonekana vizuri tu. Ni barabara ya mji wa Ujerumani iliyojaa watu, na barabara yenyewe ni pinki. Nyuso zina kijani na rangi ya chungwa. Kuna mtoto wa kike aliyemezwa na kofia yake. Upande wa kulia mwanamke mmoja ameng'ang'ania mkoba, mwingine ameshika sketi, na katika umati wote huo kila mtu ni kama yuko peke yake.

Kirchner alisomea usanifu wa majengo. Mwaka 1905 yeye na wenzake watatu waliunda kundi la Die Brücke. Kwao rangi haikulazimika kufuata jicho, ingeweza kufuata hisia. (Wanazi walichukia sana mambo hayo. Mwaka 1937 waliondoa kazi zake zaidi ya 600 kwenye makumbusho.)

Mimi niliunakili kwenye kipande cha plaiwudi, kwa rangi zilizobaki kwenye mikebe ya fundi wa mabango hapa Busia. Mara ya kwanza nikajifanya kumsahihisha: nyuso nikazipaka rangi ya ngozi, barabara nikaipaka kijivu. Mchoro ukafa. Niliporudisha ile pinki ndipo nikaona kazi yake: ndiyo inayowasukuma watu pembeni wabanane. Nilikuwa nimeutazama mchoro huo wiki nzima bila kuliona hilo. Mkono ndio ulioniambia.

Utaambiwa kukopi ni wizi. Wizi ni kuuza kama yako. Andika jina la Kirchner nyuma ya mbao, uitundike chumbani, basi.

Halafu toka nje. Hapa kwetu kuna walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, katoni zimerundikwa hadi mwenyewe haonekani. Kuna wabadilishaji pesa na mabunda yao, na bodaboda, ambazo hata jina lao limetokana na mpaka. Huo umati wa Kirchner unao mlangoni, tena wenye kelele zaidi.

Mamangu huvuka kwenda Uganda kuchukua ndizi za matoke. Kwenye simu nina picha zake nyingi, zote anatabasamu. Nilimchora na uso wa kijani, mkono umebana kibeti kifuani. Mkono huo niliukopa kwa yule mwanamke wa Dresden. Mama alipouona mchoro alicheka: "Kwani niko na homa ya manjano?" Kisha akanyamaza, akaugusa ule mkono. "Hapa ni mimi. Hapa ni siku ile." Siku ile ndiyo aliyoporwa mtaji wote kwenye njia ya panya. Mimi sikuwa nimefikiria hilo hata kidogo, na yeye hakuwahi kutusimulia yote. Jioni hiyo alisimulia.

Sasa nahangaika na Malaba: foleni ya trela usiku, taa nyekundu za nyuma, madereva wakingoja karatasi zao. Nimeijaribu barabara ya zambarau, imekataa. Jumamosi najaribu manjano. Nawe tafuta kipande chako cha mbao.