Dawa ya kichocho bila kutibu majitaka ni nusu ya tiba

Mtoto wako alimeza dawa ya kichocho shuleni. Baada ya miezi kadhaa tumbo linamsumbua tena, kinyesi kina damu, na maabara wanakuambia mayai ya kichocho yameonekana. Unaanza kushuku kwamba dawa ilikuwa feki. Mara nyingi siyo. Dawa ile huua minyoo iliyokomaa mwilini siku anayoimeza. Haimkingi anaporudi ziwani kuoga, kuchota maji au kufua.

Mzazi unayeishi katika miji midogo ya kando ya Ziwa Victoria, kuanzia Mara hadi Kagera, unaijua hali hii. Swali tunalouliza kwa nadra ni moja: mayai hayo yanafikaje ziwani?

Yanatoka chooni. Kichocho cha tumbo, kinachosumbua sana kando ya ziwa hili, hutoa mayai pamoja na kinyesi cha mgonjwa. Yakifika kwenye maji yasiyo na chumvi huanguliwa, na vijidudu huingia kwa konokono wadogo wa ufukweni. Humo huongezeka, kisha hutoka na kupenya ngozi ya binadamu kwa dakika chache tu. Kinyesi kisipofika ziwani, mzunguko huo hukosa pa kuanzia. Kipindupindu na homa ya matumbo nazo hupita njia hiyohiyo ya kinyesi na maji.

Nyumba nyingi za miji hii hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Shimo la choo likijaa, mwenye uwezo huita gari la kunyonya. Asiye nao husubiri mvua kubwa, akatapisha choo mtaroni usiku. Na hata gari likija, umewahi kumuuliza dereva anakwenda kumwaga wapi? Kama mji hauna mahali pa kutibu majitaka, yataishia bondeni, na maji ya bondeni huteremka ziwani.

Kutibu majitaka hakuhitaji mitambo ya kifahari. Kwa jua letu, mabwawa yanayofuatana hufanya kazi nzuri. Kwenye bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, tope na mayai ya minyoo hutuama chini, na bakteria huozesha uchafu. La pili huendeleza usafishaji kwa msaada wa mwani. La mwisho ni la kina kifupi, ili mwanga wa jua upenye na kuua vimelea. Umeme hauhitajiki. Kinachohitajika ni eneo, uzio, na kuondoa tope kwa wakati.

Usijifariji kwamba utachemsha maji yakaisha yote. Kuchemsha huua vijidudu, lakini majitaka pia ni mbolea: hustawisha magugu maji, na hustawisha mwani wa bluu-kijani ambao aina zake nyingine hutoa sumu isiyoondoka kwa kuchemsha.

Kila mwaka tunapanga bajeti ya dawa. Msimamo wa safu hii ni kwamba bajeti ya mabwawa ya majitaka nayo ni bajeti ya afya, na ipangwe hivyo. Kwenye mkutano wa mtaa, uliza mambo matatu: gari la kunyonya linamwaga wapi? Bwawa liliondolewa tope lini? Mwenye kipato kidogo atawezaje kulipia gari? Bila jibu la swali la tatu, vyoo vitaendelea kutapishwa.

Wakati ukisubiri, usimzuie mtoto kumeza dawa shuleni. Maji ya ziwani ya kuogea yahifadhi kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili, kwani vijidudu vya kichocho hufa visipopata ngozi ya kuingia. Kinyesi cha mtoto mchanga kitupe chooni, si jalalani. Nacho kina vimelea. Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvichumvi yanayotolewa kituoni na umwahishe kwa mtaalamu. Ukiona damu kwenye kinyesi, usinunue dawa kwa kubahatisha, nenda ukapime.

Ziwa ndilo pipa letu la maji sote. Anayemwaga majitaka humo usiku, asubuhi mwanawe hutumwa kwenda kuchota.