Mbega wa Tana: Adui Yake Si Mshale

Sisi Wakenya hujivunia wanyama wetu. Tangu uwindaji ulipopigwa marufuku mwaka 1977, wengi tumeamini ya kuwa mnyama akiepushwa na mshale na risasi, basi amepona. Mimi nami niliamini hivyo, hadi nilipofika kando ya Mto Tana, kati ya Hola na Garsen.

Hapo msitu ni ukanda mwembamba tu uliokumbatia mto. Ukienda mwendo mfupi kutoka ukingoni, kivuli kinakwisha, unakutana na miiba na jua kali. Ndani ya vipande hivyo vya msitu wanaishi kima wa aina mbili wasiopatikana kwingineko duniani: mbega mwekundu wa Tana, na mangabe wa Tana mwenye shungi kichwani. Hifadhi yao, ya kilomita za mraba 170 hivi, ilitengwa mwaka 1976. Hata hivyo, wote wawili leo wamo katika orodha ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka.

Basi ni nani anayewamaliza? Mbega huishi juu ya miti, akila majani machanga na matunda. Mkuyu ukikatwa uchongwe mtumbwi, au kipande cha msitu kikifyekwa kiwe shamba, yeye hana pa kuhamia, kwani kipande cha pili kiko mbali, ng'ambo ya uwanda mkavu. Hubanana na wenzake katika miti iliyosalia. Na msongamano huzaa maradhi, kama ajuavyo kila aliyewahi kulala na watu wanane katika chumba kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika misitu hiyo, kima waliosongamana zaidi ndio walioshikwa zaidi na vimelea vya tumbo. Mnyama mwenye njaa na maradhi hafi siku moja. Hudhoofika kidogo kidogo, wala hakuna askari wa wanyama awezaye kumtia pingu mwuaji wa namna hiyo.

Tusiharakishe kumlaumu mkulima Mpokomo. Yeye na wazee wake walilima kwa kungojea mafuriko ya mto, na msitu nao uliyangojea mafuriko yayo hayo, kwani ndiyo yaletayo udongo wenye rutuba na maji ya kuotesha miche. Tangu yajengwe mabwawa ya umeme huko juu, likiwamo la Masinga mwaka 1981 na la Kiambere mwaka 1988, mwenendo wa mafuriko umebadilika. Kwa hiyo taa ninayoandikia makala haya nayo ina sehemu yake katika kisa hiki. Sisemi tuizime. Nasema tujue bei yake, na nani anayeilipa.

Kwa maoni yangu, yafaa wanaosimamia maji ya Tana wauhesabu msitu kuwa mmoja wa wateja wao. Yafaa pia miti ipandwe kuunganisha vipande vilivyotengana, na wenyeji waulizwe kwanza, wala wasiletewe amri tu. Maana mwenye kuishi na mti ndiye atakayeutunza au kuukata.

Kwa sasa tumemwekea mbega bawabu mlangoni, ilhali paa la nyumba yake tunaling'oa.