Gati la Motaboti na Swali la Diko

Katika miaka ya karibuni neno "marina" limeingia katika mazungumzo ya watu wa pwani yetu, na kila linapotajwa huja na picha ya namna moja: gati lenye mbao za kuelea, motaboti nyeupe zimepangwa ubavu kwa ubavu, hoteli nyuma yake, na watalii wakipanda na kushuka. Mombasa tayari inayo moja, ng'ambo ya Mji wa Kale. Katika hori za Mtwapa na Kilifi vyombo vya starehe vimekuwa vikitia nanga kwa miaka mingi. Na huko Amu, tangu bandari kubwa ya Kililana ianze kujengwa, wenye fedha wanautazama ufuo wa visiwa vile kwa jicho jingine kabisa.

Jambo hili likizungumzwa barazani, watu hugawanyika. Kuna wasemao kuwa gati italeta kazi kwa vijana, na kuna wasemao kuwa italeta watu nusu uchi mbele ya misikiti yetu. Wote wawili wana haki ya kusema, na hilo la pili si dogo kwa mji ambao adhana yasikika mpaka katikati ya mlango wa bahari. Lakini mimi naona kwamba tukianzia hapo tumeanzia mbali. Mgeni aweza kuombwa avae nguo, naye akavaa. Swali gumu ni jingine: gati hiyo ikishajengwa, madau yatashukia wapi?

Nasema hivyo kwa sababu mahali panapofaa kujengwa gati la motaboti ni pale pale palipo na diko. Mhandisi hatafuti kitu tofauti na alichokitafuta babu yetu. Wote wawili wataka maji yenye kina, kinga ya mawimbi ya kusi, mlango usio na miamba, na njia ya kupandia mjini. Babu alikuja kwanza, akapajua kwa macho na kwa mti wa upondo. Mhandisi anakuja na chombo cha kupimia, na kipimo chake chamwonyesha mahali pale pale. Ndiyo maana ugomvi huu hauishi. Haukuletwa na chuki ya wageni wala ya maendeleo.

Na diko lenyewe si kama kituo cha basi. Asubuhi maji yakiwa yajaa, hapo ndipo samaki washukiapo, na mama wa kukaanga wanangoja na masinia yao, kila mmoja ana nahodha wake aliyemzoea na deni lake la tangu juzi. Maji yakipwa, madau yamelala ubavu mchangani, na huo ndio wakati wa kalafati: fundi anapigilia pamba katika nafasi za mbao, mwanafunzi wake anamshikia nyundo na kutukanwa kidogo. Jioni watoto wanajifunza kuogelea kwa kurukia majini kutoka tezi ya chombo cha mtu, na mwenye chombo anakemea bila ya kuinuka. Wazee wako chini ya mkungu. Hapo ndipo habari ya msiba hufikia kwanza ikitoka kisiwa kingine, na hapo ndipo mashua huondoka na watu wa kwenda kuzika.

Sasa mahali hapo ni pa nani? Hapa ndipo penye ugonjwa. Mwaka 1908 serikali ya Mwingereza ilileta sheria ya hati za ardhi za pwani, ikamtaka kila mwenye kudai kipande ajitokeze aandikishwe. Na ambacho hakikudaiwa kikahesabiwa kuwa mali ya Taji. Mwenye shamba la minazi aliweza kwenda kudai. Nani angekwenda kudai diko? Halikuwa la mtu, na kusema "hili ni langu" lingekuwa neno la aibu mbele ya wenzake. Basi mengi ya madiko yakabaki bila ya karatasi, na machoni pa ofisi, kitu kisicho na karatasi ni kitu kitupu.

Katiba ya 2010 imesaidia kidogo. Kifungu cha 62 kimesema kwamba ardhi yote iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, wala si ya kumilikiwa na mtu. Ni maneno mazuri. Lakini diko lina sehemu mbili, ya majini na ya nchi kavu. Sheria imelinda ile inayofunikwa na maji; ile ya juu yake, yaani njia, kivuli na mahali pa kuwekea tanga, yaweza kuwa na hati ya mtu. Mwenye hati akijenga ukuta, hakugusa ufuo hata kidogo, na mvuvi bado ana haki yake yote ya kusimama mchangani. Asichokuwa nacho ni njia ya kufikia hapo na kapu la samaki. Waliokulia Nyali, Bamburi na Diani hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kifungu kinachofuata, cha 63, ndicho cha ardhi ya jamii, nacho kinapotaja ardhi inayotumiwa na watu kwa pamoja chataja misitu, malisho na mahali pa ibada za mila. Mfugaji amekumbukwa, na mwenye kaya yake ya mizimu amekumbukwa. Mvuvi hakutajwa kwa jina. Wakili hodari huenda akalipitisha diko katika mlango mmojawapo wa kifungu hicho, lakini mtu anayeamka saa tisa za usiku kwenda kutega malema hana wakili mfukoni.

Tuje kwenye maji yenyewe. Pwani yetu ina tofauti kubwa ya maji kupwa na kujaa. Katika bamvua kubwa hukaribia mita 4. Dau halina shida na hilo, kwani maji yakiondoka hulala na yakirudi huamka. Motaboti ya mamilioni hailazwi mchangani. Gati lake lataka maji saa zote, na maana yake ni kuchimba. Matope yanayochimbwa hayakai mahali pamoja. Huchukuliwa na mkondo yakaenda kufunika matumbawe na majani ya bahari, na katika majani hayo ndimo tafi hula, ndimo kasa hulisha, na ndimo samaki wachanga hujificha mpaka wakue. Likijengwa boma la kuzuia mawimbi, mchanga nao hupotea njia. Wakati wa kusi huenda upande huu, wakati wa kaskazi hurudi upande ule, na ufuo hubaki kama ulivyo kwa sababu ya huko kwenda na kurudi. Ukiukatia njia, upande mmoja utajaa na wa pili utaliwa, na aghalabu anayeliwa ni jirani ambaye hakuulizwa. Mikoko sina haja ya kuieleza kwa wasomaji wa pwani. Itoshe kusema kuwa zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu.

Kisha liko suala la mbio. Kanuni za kimataifa za 1972 za kuzuia migongano baharini zasema kwamba, kwa kawaida, chombo cha injini ndicho cha kukipisha chombo cha tanga. Katika mlango mwembamba kama ule wa baina ya Amu na Manda, mambo hayawi hivyo. Dau lililopakia mchanga au mawe limezama mpaka karibu na ukingo, na wimbi la motaboti inayokimbia halihitaji kuwa kubwa ili liingie ndani. Nahodha wa dau hana breki wala hawezi kugeuka kwa kuzungusha mkono. Lazima abishe, na kubisha kwataka nafasi. Mwenye motaboti hafanyi uovu kwa makusudi, hasa akiwa mgeni wa wiki moja. Haelewi tu kwamba lile tanga mbele yake haliwezi kumpisha. Na jarife lililotandazwa usiku halina taa.

Wapo watakaoniambia kuwa mimi nataka turudi kwenye enzi ya mtepe. La, hasha. Atokaye Mokowe kwenda Amu leo hupanda boti ya injini, na mama mwenye uchungu wa uzazi huko Faza au Kizingitini hasemi alhamdulillahi kwa upepo bali kwa injini. Vijana wetu ndio wanaoziendesha boti hizo, na wengi wao hupata riziki kwa watalii. Kijana aliyelelewa Shela au Matondoni aweza kukupitisha baina ya mafungu ya mchanga usiku wa giza bila ya ramani. Lakini gati la hoteli litamwuliza cheti cha unahodha, bima na lugha, na asipokuwa navyo ataajiriwa kufunga kamba na kuosha sitaha. Hiyo nayo ni kazi ya halali, sikatai. Ila tusiiite kazi iliyoletwa, bila ya kuhesabu ile iliyoondolewa.

Hesabu hiyo imewahi kufanywa, na si zamani. Mwaka 2012 bandari mpya ya Lamu ilizinduliwa, na mwaka huo huo wakazi, Bwana Mohamed Ali Baadi na wenzake, wakapeleka shauri mahakamani. Hukumu ilitoka Malindi mwishoni mwa Aprili 2018. Majaji watano wakasema kwamba wenyeji hawakushirikishwa kama inavyotakiwa, kwamba haki yao ya mazingira safi na ya utamaduni wao ilivunjwa, na kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 1.7. Ilikuwa hukumu kubwa, na kwa mara ya kwanza wengi wetu tulisikia mahakama ikiuhesabu utamaduni wa watu wa bahari kuwa ni kitu chenye uzito. Lakini tazama miaka: shauri 2012, hukumu 2018. Baina yake kazi haikungoja, na Mei 2021 meli ya kwanza ikafunga gati. Fidia humfikia mvuvi aliyeandikwa jina. Mwanafunzi wa fundi wa kalafati hayumo katika orodha, wala mama wa kukaanga, wala mtoto ambaye angekuwa nahodha.

Mimi ni mtu wa lugha, na hasara hiyo naiona upande wangu pia. Foromali, henza, demani, goshi: maneno haya hayajifunzwi darasani. Mtoto huyasikia yakitolewa kwa ukali na mtu mwenye haraka, akakimbilia kamba isiyo yake, akakemewa, na siku ya pili akajua. Kila mwaka katika sherehe za Maulidi huko Amu, yale yaliyoasisiwa na Habib Swaleh na ambayo huwaleta watu kutoka pembe zote za pwani, huwa kuna mashindano ya madau. Watalii huyapenda sana na huyapiga picha. Mabaharia wa mashindano hayo hawatoki angani. Wanatoka madikoni, na mji utakaobaki na mashindano lakini bila ya madiko utakuwa na ngoma ya kuonyesha wageni tu.

Sisi Waislamu tuna mlango mwingine wa kulitazama jambo hili. Mafaqihi walizungumza zamani juu ya vitu ambavyo watu hushirikiana, na maji ni cha kwanza. Wakazungumza pia juu ya harimu, yaani ile nafasi ya pembezoni mwa kisima au njia ambayo mtu hapewi ruhusa ya kuihodhi, kwa kuwa bila ya nafasi hiyo kisima chenyewe hakina faida. Diko lisilo na njia ya kupandia ni kisima kilichojengewa ukuta. Ningependa kuwasikia masheikh wetu wakilisomesha hili kwa kirefu katika darasa zao, kwani wasikilizaji wao wengi wanaishi kwa bahari.

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka mradi wa namna hii ufanyiwe uchunguzi wa athari zake kabla ya kuanza, na wananchi wapate kutoa maoni. Ripoti kwa kawaida huwa nene na ya Kiingereza, na mkutano ukiitishwa saa sita mchana siku ya Ijumaa, msishangae kuona viti vitupu. Kwa hivyo kamati za wavuvi zisingoje kuitwa. Ziende na wazee siku ya bamvua, maji yakiwa yamepwa kabisa, waandike kila diko kwa jina lake, mlango wake wa kuingilia na njia yake ya kupandia mpaka barabarani, na wapeleke orodha hiyo kwa kaunti na kwa ofisi ya ardhi wakiomba risiti. Na siku ramani ya gati itakapobandikwa ukutani, la kwanza la kumwuliza mpimaji ni hili: ulipopima ufuo huu, maji yalikuwa wapi?