BWANA SHAMBA ANASEMA: EKARI MOJA YA SUFURIA YA SHULE

Mwezi huu nataka tuyafuate mahindi yetu kutoka ghalani mpaka shuleni. Tuyatazame yakiingia katika sufuria. Kisha tutazame ni mtoto gani anakula, na ni mtoto gani hali.

Labda utauliza, "Bwana Shamba, mambo ya shule yanakuhusu nini? Hayo si ya mwalimu?" Swali lako ni zuri. Mwalimu hufundisha. Lakini chakula cha shule hakipikwi bila nafaka, na nafaka hutoka shambani. Mambo ya shamba ni kazi yako na yangu.

Hesabu saa za njaa

Mfikirie mtoto wako mmoja. Jana alikula ugali saa 1 jioni, akalala. Leo aliamka alfajiri, akachota maji, akaenda shule. Kama hakunywa uji nyumbani, na kama shuleni hakuna chakula, atakula tena akirudi saa 8 mchana. Hesabu kwa vidole. Kutoka saa 1 jioni mpaka saa 8 mchana ni saa 19.

Je, wewe mkulima, unaweza kukaa saa 19 bila kula, kisha ukalima vizuri? Huwezi. Jembe litakuwa zito mikononi mwako. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Kufikiri ni kazi, na ubongo unahitaji chakula ili ufanye kazi hiyo. Mtoto mwenye njaa husinzia. Hutazama ubao lakini hakumbuki alichosoma. Wengine hutoroka, wakaenda porini kutafuta matunda. Tunawaita wavivu. Wengi wao si wavivu. Wana njaa.

Katika nchi nyingi imeonekana kwamba shule ikianza kupika, watoto huja kwa wingi na hawakosi ovyo. Mzazi aliyekuwa anamzuia binti yake nyumbani humruhusu aende, kwa sababu anajua huko atakula.

Wenzetu walifanya nini?

Nchini India kuna jimbo liitwalo Tamil Nadu. Mwaka 1982 kiongozi wa jimbo hilo, M. G. Ramachandran, alianzisha mpango mkubwa wa kuwapa watoto chakula cha mchana. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya India iliamuru shule za msingi za serikali nchini kote ziwape watoto chakula kilichopikwa.

Huko Brazili ilitungwa sheria mwaka 2009. Fedha ambazo serikali kuu hutoa kwa ajili ya chakula cha shule zinatumika pia kununua mazao ya wakulima wadogo. Sheria hiyo ilitaka angalau sehemu 30 katika kila 100 za fedha hizo ziende kwa wakulima hao. Hivyo mtoto anashiba, na mzazi wake mkulima anapata soko.

Hapa Tanzania tuna jambo letu la zamani. Mwaka 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea. Shule nyingi zikawa na mashamba. Mengine yapo mpaka leo. Mengine yamegeuka vichaka.

Siku hizi shule za msingi za serikali hazitozi ada. Lakini katika shule nyingi za kutwa nafaka ya chakula cha mchana hutoka kwa wazazi wenyewe. Hapo ndipo penye jambo langu la leo.

Jambo nililoliona

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kijiji kimoja mkoani Dodoma. Sitakitaja jina. Wazazi walikubaliana kila mmoja alete debe moja na robo la mahindi na kilo 6 za kunde kwa kila mtoto. Wengi walileta. Chakula kikaanza kupikwa. Madarasa yakajaa. Sote tulifurahi.

Siku moja nilikwenda kukagua shamba la shule. Ilipofika saa 6 mchana nilikaribishwa makande. Nikakaa, nikala. Nilipoinua macho niliona watoto wamekaa chini ya mkwaju, mbali na jiko. Nikamwuliza mpishi, "Mama, wale wameshakula?"

Akajibu, "Wale hawamo katika orodha, Bwana Shamba. Wazazi wao hawajaleta."

Kati yao alikuwamo msichana wa darasa la 3. Alikuwa ameshika bakuli tupu. Aliligeuza-geuza kama mtu anayecheza. Nilimaliza makande yangu, nikashukuru, nikapanda pikipiki, nikaondoka. Sikusema neno. Ndugu msomaji, nalikiri jambo hilo mbele yako, kwa sababu lilinisumbua njia nzima.

Katika mkutano wa kijiji uliofuata nilisimama nikasema nilichokiona. Maneno yakawa makali. Baba mmoja alisema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi niliuza mbuzi ili ninunue mahindi ya mchango. Mwenzangu hakuleta kitu. Mtoto wake ale sawa na wangu? Basi mwakani na mimi sileti."

Maneno hayo yalikuwa na haki ndani yake. Mwenyekiti hakuwa na jibu. Mimi pia sikuwa nalo.

Akasimama bibi yake yule msichana. Alisema polepole, "Wanangu, nusu ekari yangu ilikauka kwa jua. Debe sina. Lakini mikono ninayo. Mbona hamkuniuliza kama nina mikono?"

Watu walinyamaza. Kisha mzee mmoja akasema, "Shule ina shamba, na bibi ana mikono. Tatizo liko wapi?"

Tupige hesabu pamoja

Mkutano ukaniambia nipige hesabu. Chukua kalamu, tuirudie pamoja.

Mtoto mmoja akila makande, tumpimie gramu 120 za mahindi na gramu 30 za kunde kwa siku. Tuseme shule inafunguliwa siku 190 kwa mwaka. Mtoto mmoja atahitaji mahindi kilo 23 hivi, yaani debe moja na robo. Atahitaji pia kunde karibu kilo 6.

Sasa, tuseme shule ina watoto 300. Kati yao 30 hawawezi kuleta kitu mwaka huu. Watoto 30 mara kilo 23 ni kilo 690. Hayo ni magunia 7 ya kilo 100. Ekari moja ya mahindi au mtama, ikilimwa vizuri na mvua ikinyesha ya kutosha, inaweza kutoa magunia 7. Kunde za watoto hao ni kilo 180. Kwa kunde, ongeza nusu ekari.

Umeona? Ekari moja na nusu inawaondoa watoto 30 chini ya mti. Kama ardhi yenu imechoka na mnapata magunia 4 tu kwa ekari, basi limeni ekari 2 za nafaka.

Kijiji kikakubaliana. Asiye na debe atafanya kazi katika shamba hilo kwa siku zilizopangwa. Mgonjwa na mzee asiyejiweza wasidaiwe chochote. Yule baba aliyeuza mbuzi naye akakubali, kwa sababu sasa hakuna aliyekula jasho la mwenzake.

Mwaka wa kwanza hatukufanya vizuri. Kila mtu alipanda shamba lake kwanza, la shule likawa la mwisho. Kosa lilikuwa langu pia, maana sikuhimiza. Tulivuna magunia 4. Nafaka ikaisha mapema, watu wakachanga tena kwa manung'uniko. Mwaka wa pili tuliweka mtama badala ya mahindi, kwa kuwa mtama huvumilia ukame. Shamba la shule tulilipanda mvua za kwanza zilipoanza. Tukavuna magunia 7 na debe 2. Mwaka huo, nilipopita saa 6 mchana, chini ya mkwaju niliona mbuzi tu.

Mambo 6 ya kufuata

1. Kubalianeni katika mkutano wa kijiji, wazazi na walimu wakiwapo. Mtoto asirudishwe nyumbani wala asinyimwe chakula kwa sababu ya mchango. Deni ni la mtu mzima. Mlidai kwa mtu mzima.

2. Pandeni shamba la shule mapema. Kazi nzito ifanywe na watu wazima. Watoto wajifunze kilimo, lakini wasikose masomo wakawa vibarua.

3. Kausheni nafaka vizuri kabla ya kuiweka ghalani. Msianike juu ya ardhi tupu. Tumieni turubai au mkeka. Nafaka yenye ukungu ina hatari ya sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sababu ya sumu hiyo. Kupika hakuiondoi. Nafaka iliyooza wasipewe watoto.

4. Wekeni magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Kuzuia dumuzi, tumieni mifuko ile isiyopitisha hewa ambayo wengi huiita kinga njaa. Fungeni mdomo wake barabara. Mfuko ukitoboka, wadudu watapata hewa na wataishi.

5. Pikeni kwa maji safi. Watoto wanawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Tumieni chumvi yenye madini joto. Ongezeni mboga za majani, kama mchicha, majani ya kunde au mlenda. Bustani ndogo karibu na bomba au kisima inatosha kuanzia.

6. Ghala liwe na kufuli mbili. Ufunguo mmoja akae nao mwalimu, mwingine mjumbe wa wazazi. Mmoja asiweze kufungua peke yake.

Jambo moja zaidi. Chakula cha shule hakichukui nafasi ya chakula cha nyumbani. Usiseme, "Atakula shuleni," ukampunguzia cha jioni. Na mdogo wake ambaye bado hajaanza shule asisahauliwe. Yeye hana mkwaju wala sufuria ya shule. Ana wewe tu.

Kazi yako wewe uliyejifunza kusoma

Ndugu msomaji, usidhani kwamba kusoma kwako ni kwa kusoma gazeti hili tu. Shule inayopika huwa na daftari la ghala. Daftari hilo lina safu 3: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kabla ya kujua kusoma, ulilazimika kuamini ulichoambiwa. Sasa nenda kwa heshima, uombe kulitazama. Mwambie mwalimu, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba nione hesabu ya mahindi yetu."

Watoto 300 kwa gramu 120 hula kilo 36 kwa siku. Kwa siku 5 ni kilo 180. Kama daftari linasema wiki hii zimetoka kilo 250, uliza kwa upole kwa nini. Huenda kuna sababu. Huenda hakuna. Mahindi yanayoulizwa hesabu hayapotei kirahisi. Na mzazi akijua kwamba mahindi yake yamefika kwenye sufuria, mwakani ataleta tena bila kusukumwa.

Kisha tazama orodha ya watoto. Usitafute jina la mtoto wako peke yake. Tafuta jina ambalo halipo.

Maswali ya kujadili katika kisomo

1. Mtoto wako hukaa saa ngapi bila kula siku ya shule? Hesabu.

2. Shule yenu ina watoto wangapi? Inahitaji magunia mangapi kwa mwaka?

3. Je, shule yenu ina shamba? Ni ekari ngapi zinalimwa, na ngapi ni kichaka?

4. Katika kijiji chenu ni nani hana debe lakini ana mikono? Mmeshamwuliza?

Jadilini, andikeni majibu yenu, myapeleke katika mkutano wa kijiji kabla ya mvua kuanza. Mvua ikishaanza, kila mtu atakimbilia shamba lake, na la shule litakuwa la mwisho. Mimi nimeshalifanya kosa hilo. Ninyi msilirudie.

Mpaka mwezi ujao, nawatakia kazi njema.

Bwana Shamba wenu.