Daftari la Wiki: Mkono wa Joan Joyce

Jumapili jioni wasichana wa mtaani walikuwa wanacheza rede nyuma ya kibanda cha chipsi. Mpira wao ni soksi kuukuu iliyoshindiliwa matambara. Binti mmoja, mwembamba kama ufito, alikuwa hakosi. Akiinua tu mkono, aliye katikati anaruka kabla mpira haujatoka. Nilitumwa mkate, nikarudi usiku.

*

Ndipo nikamkumbuka Joan Joyce wa Waterbury, mji wa viwanda jimboni Connecticut, Marekani. Mchezo wake ulikuwa softboli, ndugu wa besiboli, ila mpira ni mkubwa zaidi na mtupaji huurusha kwa chini, mkono ukipita kando ya nyonga. Usidhani kwa chini ndiyo taratibu. Kutoka mita 12 hivi, mpigaji hana muda hata wa kupepesa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikutanishwa na Ted Williams, mmoja wa wapigaji hodari kuliko wote katika besiboli, ndiyo kwanza amestaafu. Watu wakajaa uwanjani hapo hapo Waterbury kumtazama binti yao wa miaka ishirini na ushee. Williams akapunga, akapunga tena; gongo (la mti, si lile la chupani) likawa linakata hewa. Mwisho akalibwaga chini, akaondoka.

*

Timu ya Joyce, Raybestos Brakettes ya Stratford, ilibeba jina la kiwanda cha breki. Nasi tuna timu za bandari na za reli, kwa hiyo hilo halinishangazi.

*

Kinachonitia wivu ni hesabu. Inaandikwa kwamba Joyce alishinda mechi 753 akapoteza 42. Arobaini na mbili! Maana yake kila mechi palikuwa na mtu ameketi pembeni na penseli, anaweka alama. Hata alipohamia gofu kuna aliyehesabu: mwaka 1982 alimaliza mashimo 18 kwa kuusukuma mpira mara 17 tu kwenye nyasi fupi za kuzunguka shimo. Alifariki Machi 2022, akiwa na miaka 81, bado kocha wa softboli chuoni Florida.

*

Binti wa rede hana hata mstari mmoja kwenye karatasi. Msomaji, kama mtaani kwenu alikuwepo asiyekosa, niletee jina lake na mwaka. Penseli ninayo.