Kubadilisha Mkia wa Faili Si Kutengeneza Vekta

Leo nina hasira, mnivumilie.

Wiki jana akina mama wa kikundi kimoja cha shanga hapa Mashuuru waliniletea flashi. Ndani yake kuna nembo yao, ngao na mikuki miwili, faili yenye mkia wa .svg. Walikuwa wamemlipa mtu aigeuze vekta kutoka kwa JPEG waliyokuwa wakitumiana kwenye simu. Walipoipeleka Kitengela wakatiwe stika, plota haikukata kitu. Fundi akawaambia hamna mstari hata mmoja wa kufuata. Pesa zimekwenda, nauli imekwenda.

Nikaifungua kwa Notepad. Nikakuta tagi moja tu ya image, na ndani yake lundo la herufi zisizosomeka. Ni JPEG ileile, imevishwa kanzu! Tena imenenepa kwa theluthi moja, kwa sababu base64 hugeuza kila baiti 3 kuwa herufi 4. Huo ni wizi, hata kama umefanywa kwa kompyuta.

Tuelewane. Picha ya pikseli ni kama kazi ya shanga: kila punje ina rangi yake, na idadi ni ileile. Ukiikuza, punje zinaonekana. Vekta ni maelekezo: anzia hapa, piga mkunjo hadi pale, jaza nyekundu. Kompyuta huchora upya kwa kila ukubwa, iwe kadi au bango. SVG, ambayo W3C iliipitisha kuwa kiwango mwaka 2001, ni maelekezo hayo yaliyoandikwa kwa maandishi ya kawaida.

Kuna wanaojitetea: "Mimi sidanganyi, natumia Trace Bitmap ya Inkscape." Vizuri. Inkscape ni ya bure tangu 2003, na Potrace ya Peter Selinger iliyomo ndani yake ni kazi safi sana. Lakini Potrace inafuatisha picha ya rangi mbili tu, nyeusi na nyeupe. Rangi nyingi hufanywa tabaka kwa tabaka. Ipe mchoro wa wino mweusi ulioskaniwa vizuri, utafurahi. Ipe JPEG iliyobanwa mara kumi, itafuatisha na uchafu wote ulio kando ya mistari, maana haijui ngao ni ipi na doa ni lipi. Utapata maelfu ya nukta, kingo zinazotetemeka, na kisu cha plota kitarukaruka.

Chukua bendera yetu ya Kenya. Milia yake ni mistatili mitano, yaani mistari mitano ya kodi. Ngao na mikuki ni mikunjo michache. Kwa nini ufuatishe picha ya bendera inayopepea, na vivuli vyake vyote?

"Kuchora upya kunakula muda." Ndiyo! Nembo ya akina mama ilinila jioni moja. Niliiweka JPEG chini, nikaififisha, nikaifunga isisogee, nikachora juu yake kwa kalamu ya Bezier. Ngao nilichora nusu tu, nusu nyingine nikaigeuza kama kwenye kioo. Faili ikawa kilobaiti chache, na stika zikakatwa. Jioni hiyo ndiyo kazi anayolipia mteja. Kama huitaki, mwambie ukweli: hii ni picha tu.

Na picha ya uso wa mtu au ya ng'ombe malishoni iache iwe JPEG. Haihitaji vekta.

Wewe mteja, kabla hujalipa, fanya mambo mawili. Kuza faili hadi asilimia 1000. Kingo zikivunjika vijisanduku, kataa. Kisha ifungue kwa Notepad: ukikuta image bila path wala umbo lolote, kataa tena.

Sisi mafundi tunajua tofauti, mteja haijui. Tusimwibie hapo.

Haya, nimetua mzigo. Naenda kunywa chai.